Mashimo Arobaini ya Kidato cha Kwanza

Nilidhani ni wachuuzi, wale wanaotoka Masasi mjini na bodaboda na viroba, wanachimba kama wanafukua panya, kisha wanaondoka. Nilisimama katikati ya kichaka kilicho nyuma ya mikorosho yangu, kapu mkononi, nikahesabu mashimo. Arobaini. Yote wazi, hakuna hata moja lililofukiwa.

Mimi Brigita, Mama Loyce, nachimba ming'oko kichakani humo tangu sijaolewa. Kuanzia Septemba, unga ukipungua, viazi hivyo vya porini ndicho chakula cha mchana cha wanangu watatu. Na hatuchimbi ovyo. Unafukua upande mmoja tu, unakata vile virefu, unaacha kile kichwa kilichoshika shina. Kichwa hicho tunakiita mama. Halafu unafukia, unakanyaga kwa mguu, na mwakani unarudi palepale. Hata mtoto wa miaka sita anajua.

Nikaenda kumtafuta mtendaji wa kijiji nimshtakie. Nikaambiwa yuko shule ya sekondari, kuna maonesho ya sayansi. Nikaenda hivyo hivyo, kanga ina udongo, kapu bado mkononi.

Kwenye meza ya kwanza tu nikaikuta ming'oko yangu.

Ilipangwa mafungu, kila fungu na jina la mwanafunzi, imeoshwa, imepasuliwa kwa wembe ili wageni waone ndani. Vile vichwa tunavyoviita mama vilikuwa pale, vipande vipande. Na juu yake pamesimamishwa kipande cha boksi kilichoandikwa kwa wino mwekundu: MALIASILI ZINAZOJIRUDIA. TUZITUMIE KWA UENDELEVU. Mimi nilisoma hadi la saba tu, lakini kusoma najua. Nilisoma mara mbili.

"Shikamoo, Mama Loyce," akasema mwalimu wa sayansi, Gwakisa. Ni kijana mpole wa Tukuyu. Kwao, nasikia, ukichomeka fimbo inatoa majani.

"Marahaba. Nani amekutuma kichakani kwangu?"

"Ni somo la vitendo, mama. Kila mwanafunzi alete mmea mzima na mizizi yake. Hii ni rasilimali inayojirudia, itaota tena."

"Itaota kutoka wapi, mwalimu? Cha kuota umekipasua kwa wembe!"

Wageni wakageuka. Mtendaji akanishika mkono, eti tutaongea baadaye. Nikauchomoa. Nikawageukia watoto.

"Nani hapa hajui kumwacha mama na kufukia shimo?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Wote wanajua! Wamelelewa na ming'oko hiyo, wamechimba na bibi zao, na bado wakatupa kila walichojua kwa sababu mwenye chaki kasema. Hilo liliniuma kuliko mashimo yenyewe.

"Alisema asiyeleta mzima hapati maksi," ikasema sauti nyuma ya meza.

Alikuwa Loyce wangu. Mbele yake lilikaa fungu kubwa kuliko yote, hilo peke yake halijakatwa, bado lina shina, limewekwa liwe mfano kwa wenzake. Pembeni pameandikwa kumi juu ya kumi.

Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa. "Sikujua, mama. Kweli sikujua."

"Na hukuuliza. Basi hilo zima lirudi ardhini sasa hivi."

"Mkaguzi anafika saa nane. Akishaliona tu…"

"Saa nane litakuwa limekufa!"

Mwalimu akamtazama mtendaji, mtendaji akatazama saa. Ndipo Loyce alipoliokota fungu lake, akalikumbatia kwenye sare yake nyeupe. "Nifutie maksi, mwalimu," akasema, akatoka. Nikamfuata.

Kichakani tulilirudisha kwenye shimo moja, tukafukia. Nilikanyaga mimi, akakanyaga yeye. Akaniuliza kama litashika. Nikamwambia labda, mvua zikiwahi, na kuchimbwa si leo wala mwakani. Akayatazama yale thelathini na tisa yaliyobaki wazi.

"Sasa mwaka huu mchana tutakula nini, mama?"

"Kamuulize mwalimu wako," nikamjibu kwa hasira.

Kesho yake, kipindi cha sayansi, Loyce alisimama mbele ya darasa zima akamuuliza swali hilohilo.