Bei ya Kukatia

Mara mbili Bi Chaki alikuwa amefeli mtihani wa mkwe wake, na mara zote mbili kosa lilikuwa lile lile.

Bi Chaki alikuwa fundi wa nguo. Miaka thelathini alikaa nyuma ya cherehani katika chumba kidogo kilichotazama barabara, na sasa macho yalikuwa yamechoka; kutunga uzi kwenye sindano ilikuwa vita. Akiba yake alitaka kuiweka kwenye hisa, imtunze siku mikono itakapokataa kazi. Mke wa mwanawe alikuwa karani katika ofisi ya madalali wa hisa, na hakumung'unya maneno.

"Mama, akaunti ya kweli sikufungulii mpaka ununue na kuuza mara ishirini kwenye akaunti ya mazoezi ya simuni, bila kuvunja sharti."

Masharti yenyewe mawili. Kabla ya kununua, uweke bei ya kukatia: hisa zikishuka mpaka hapo, simu inauza yenyewe, na bei hiyo ukishaiweka usiishushe. Tena, ununuzi mmoja usikupoteze zaidi ya moja katika mia ya mtaji wako.

Hilo la hesabu alilimeza kama maji. La kukatia ndilo lililomtoa jasho. Mara ya kwanza alifika ununuzi wa tisa, mara ya pili wa kumi na nne. Hisa zilipokaribia bei yake, aliishusha kidogo. Zikashuka tena, naye akaishusha tena. Mwisho robo ya pesa za mazoezi ikaenda na maji.

"Mama jamani! Kwa nini ulishusha?"

"Nilizipa nafasi, mwanangu. Niliona zinabanwa."

Mkwe alicheka mpaka akashika mbavu. "Hisa si kiuno cha mteja, mama!"

Bi Chaki alinuna, lakini neno lile lilimwingia. Kila nguo aliyoshona aliacha vidole viwili vya kitambaa ndani ya mshono, maana mteja hunenepa akarudi, naye fundi akafumua na kulegeza. Kumbe alikuwa anazilegezea bei vile vile! Akapiga moyo konde, akanunua daftari, akaanza upya kutoka moja.

Safari hii alifika ununuzi wa kumi na tisa: hisa mia tano za kampuni ya saruji, kwa arobaini kila moja, bei ya kukatia thelathini na nane. Mtaji wa mazoezi ulikuwa laki moja, kwa hiyo akikosa angepoteza elfu moja, basi.

Asubuhi moja alikuwa anampima sketi mwalimu mkuu wa shule ya jirani, simu iko mezani. Akachungulia: thelathini na nane na nusu. Akachungulia tena: imeshuka zaidi.

"Fundi, unanichoma na pini!"

"Samahani, mwalimu. Saruji inashuka."

"Kwani unajenga?"

"Naomba nisibomoke tu."

Shusha kidogo, moyo ulimwambia, mara hii tu. Mkono ukaanza kutambaa juu ya meza. Bi Chaki akaukamata kwa mkono mwingine.

"Mwalimu, nishikie hii simu. Nikiiomba usinipe."

"Hata ukilia?"

"Hata nikizimia."

Mwalimu akaitia kwenye mkoba, akafunga zipu. "Nimenyang'anya simu nyingi, bibi wee. Hutakuwa wa kwanza kulia."

Bi Chaki akajikaza, akafumua mshono, akabandika pini, akafumua tena. Simu ikalia mkobani mara moja. Hisa zimeuzwa. Elfu moja imekwenda.

Mkwe alipopita alasiri, alimkuta amevimba kwa hasira.

"Zimepanda! Zimefika arobaini na tatu! Ningeshusha, saa hizi ningekuwa na faida!"

"Ndiyo, mama. Na kesho ungeshusha tena."

Elfu moja katika laki Bi Chaki angeweza kuirudisha. Robo ya akiba yake ya kweli ilikuwa miaka minane ya kushona sare za shule. Akafungua daftari, akaandika: nimepoteza, sikuvunja sharti.

Ununuzi wa ishirini alitamani sana kununua maradufu afidie. Hakufanya hivyo. Alipiga hesabu ile ile, akaweka bei ya kukatia, akarudi kwenye cherehani. Baada ya siku nne akauza kwa faida ya kununulia vifungo.

Mkwe akaja na fomu. "Umefaulu, mama. Tuanze na akiba yote?"

"Sehemu moja katika kumi."

"Hiyo tu? Baada ya shughuli yote hii?"

"Nimefaulu kwa pesa za kuchezea. Hizi zitaniuma, mwanangu. Acha kwanza nijue nikiumwa nakuwaje."

Mkwe alimwonyesha mstari wa kutia sahihi, na Bi Chaki akaandika jina lake taratibu, herufi baada ya herufi, mpaka mwisho.