Walinzi Watatu kwenye Kompyuta ya Mounira

Nilifanya kazi ya reli hapa Kindu miaka ishirini na tisa, ofisini, nikipiga mashine ya kuandika, na sikukanyaga shule ya kompyuta hata siku moja. Nilijifunza mwenyewe. Njia yangu ni hii: nabonyeza kitu, nangoja kidogo, na moshi usipotoka nabonyeza kingine. Kwa njia hiyo nimejua mambo mengi, na mke wangu Mwanvua amezidi kusali.

Kompyuta yetu iko sebuleni, mtaa wa Mikelenge, juu ya meza ya kulia chakula, chini ya kitambaa alichokidarizi Mwanvua kwa mkono wake. Inakula umeme wa paneli ya jua iliyo juu ya bati. Mimi naitumia kucheza karata na kuwaandikia wakubwa wa serikali barua ambazo hawajibu. Lakini mwenye kazi nayo ni mjukuu wetu Mounira, aliyekuwa mwaka wa mwisho chuoni. Miezi saba aliandika humo memwari yake, kile kitabu cha kumaliza masomo, juu ya wanaume wanaosukuma baiskeli za mawese kutoka Kibombo. Kurasa tisini na mbili. Alihoji wasukumaji sitini, na wengine aliwahoji huku wanasukuma, kwa sababu mtu mwenye madumu sita nyuma hasimami kwa ajili ya elimu.

Kitabu hicho kilitakiwa kifike sekretariati ya chuo siku ya Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Asiyefika anarudia mwaka. Na nakala nyingine hakuwa nayo, maana flash yake ilianguka ndani ya sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, wiki mbili kabla. Hilo la sombe ni hadithi nyingine, na mimi simo.

Jumatatu Mounira aliona kompyuta imekuwa nzito, madirisha yanajifungua peke yake. Alikuwa anavuka mto kwenda Alunguli kuhakiki mahojiano mpaka Alhamisi, basi akanipa kazi.

"Babu, tafuta antivirusi moja ya muzuri, uiweke. Moja tu."

Alisema moja, nilisikia vizuri. Lakini huyu mtoto wakati wa vita alikuwa mgongoni, amefungwa kitenge, anaona visigino vya watu tu. Mambo ya ulinzi angeyajulia wapi?

Wakati wa vita, kutoka nyumbani kwangu mpaka sokoni Kasuku kulikuwa na barieri tatu, vizuizi vya njiani vya watu wenye silaha. Barieri ya waliokuwa wanatawala mji. Barieri ya vijana wa porini, siku zile walipoingia. Na barieri ya tatu ya watu ambao mpaka leo hakuna anayejua walikuwa wa nani, nafikiri na wao wenyewe walikuwa wanauliza. Kila barieri na karatasi yake. Ukionyesha ya hawa kwa wale, umekwisha. Mimi nilikuwa na mashine ya kuandika, basi nilikuwa nazo zote: ya kwanza mfuko wa kulia, ya pili mfuko wa kushoto, ya tatu ndani ya soksi. Hata bata wangu alikuwa na karatasi tatu, na mihuri, na jina la baba yake. Siku moja waliangalia karatasi zake, wakaangalia zangu, wakampitisha bata. Mimi nilibaki pale mpaka magaribi.

Hapo nilijifunza kwamba anayetegemea mlinzi mmoja anatafuta kifo. Nikatafuta watatu.

Wa kwanza aliletwa na shemeji yangu Kasimu, kaka wa Mwanvua, mfanyabiashara anayekwenda Kampene na kurudi. Alikuwa naye ndani ya flash aliyoifunga kwa uzi na kuivaa shingoni. Alikaa mbele ya kompyuta na kanzu yake, akamweka mgeni wake, akampa neno la siri ambalo yeye peke yake alilijua, akaniambia kuanzia sasa hata mende hapiti.

Wa pili alitoka kwa jirani yangu Onema, mwalimu mstaafu, mtu wa kanisa. Binti yake Elodie, anayeishi Bukavu, alimwelekeza kwa simu mahali pa kumchukua, kwenye mtandao wa wenyewe wanaomtengeneza. Onema alimweka polepole, anasoma kila sentensi kwa sauti, pamoja na masharti yote. Tulikula mara mbili kabla hajamaliza.

Wa tatu alijitokeza mwenyewe Jumanne mchana, nilipokuwa nacheza karata. Dirisha jekundu liliruka katikati ya kioo, king'ora kikalia, likasema kompyuta yangu ina maadui mia nne na kumi na saba, na yeye yuko tayari kuwaua bure. Wale wawili walikuwa hawajaona adui hata mmoja. Nilimpenda palepale. Mtu anayekuambia una maadui mia nne na kumi na saba anakuheshimu. Nikabonyeza ndiyo, nikabonyeza ndiyo tena, nikalala usingizi mzuri.

Jumatano vita vilianza.

Wa Kasimu alimwona wa Onema anakagua mafaili, akamshitaki kuwa jasusi, akamfunga nusu. Wa Onema naye akasema jasusi ni wa Kasimu. Yule mwekundu akapiga king'ora kwa wote wawili. Kila mmoja akaweka barieri yake ndani ya mashine. Kile kimshale kiliondoka upande wa kushoto wa kioo nikiwa nakunywa chai, kikafika upande wa kulia adhuhuri, kimechoka. Niliandika jina langu, herufi mbili za mwanzo zikapita, zilizobaki zikashikwa njiani kwa mahojiano. Feni ya ndani ilikuwa inapumua kama mtu anayepanda kilima na gunia. Mwanvua aliondoa kitambaa chake akisema hatakiacha kiungue kwa ajili ya ujinga wa watu.

Mounira alirudi Alhamisi. Aliuliza nimeweka ngapi. Nilimwambia kwamba namba si kitu, kitu ni usalama. Alitafuta memwari yake mahali pake, haikuwapo. Alitafuta jioni nzima. Mwisho akaiona kwa jina tu, ndani ya karantini ya mlinzi wa Kasimu, yaani lokapu yake: imeshikwa kwa kosa la kufunguliwa na walinzi wawili wengine kwa wakati mmoja. Alibonyeza iachiliwe. Mlinzi akataka neno la siri.

Aliondoa mikono kwenye kompyuta, akaiweka juu ya mapaja. Halafu akasema, "Mwaka mzima," kwa sauti ndogo, hamwambii mtu. Hapo hata mimi sikuwa na mzaha.

Mwanvua akasema jambo hilo halimalizwi kwa kubonyeza. Hapa kwetu mgeni hatolewi nyumbani na mwenye nyumba. Anatolewa na aliyemleta, mbele ya watu, kwenye baraza. Ukimtoa wewe, umemtukana aliyemleta, na aliyemleta huyu ni kaka yake. Kwa hiyo kesho alfajiri watu wataitwa.

Ijumaa saa moja asubuhi tulitoa kompyuta barazani, tukaiweka juu ya kigoda, kioo kikitazama watu. Kasimu alikaa kulia, Onema kushoto. Mwanvua akauliza maswali matatu ambayo mtaa wetu ulimuuliza kila mgeni wakati wa vita, na anayejibu ni mwenyeji wake, maana mgeni hajisifu: nani amekuleta, watu wako wako wapi, na unakula nini.

Kasimu alisimama wa kwanza. Ni yeye aliyemleta. Alimpata Kampene kwa mchimbaji mmoja, kwa kubadilishana na tochi. Kuhusu watu wake, karatasi za mgeni, yaani leseni yake, zilikuwa na jina la daktari wa meno wa Lubumbashi.

"Ule daktari anajua?" Onema akauliza.

"Shemeji, mwambie huyu mwalimu asikatize."

Mounira akatazama kioo, akasema mgeni wa babu Kasimu hajala miaka saba. Hawa walinzi wanakula habari za wezi wapya, kila siku, kutoka kwa watu wao. Na huyu kwa kuwa anatembea na karatasi ya mtu mwingine, watu wake walikwisha kumkataa. Anawajua wezi wa zamani tu, ambao wengine wamekufa.

Onema alijibu bila kusimama. Amemleta yeye, amemchukua kwa wenyewe, jina ni lake mwenyewe. Anakula kila siku, kidogo, na anaomba kwa adabu. Ila mara moja kwa wiki anamsumbua mtu anunue kaka yake mkubwa, yule wa kulipia, na ukimwambia hapana, ananyamaza.

"Na ule mwekundu?" Mwanvua akauliza. "Nani alimuleta?"

Kasimu alimtazama Onema. Onema alimtazama Kasimu. Halafu wote wakanitazama mimi.

"Alikuja mwenyewe," nikasema.

"Masudi," mke wangu akasema, taratibu kabisa, "wakati wa vita, mwenye alikuja mwenyewe, asiye na muntu wa kumujibia, ndo alikuwa mupelelezi."

Mounira hakungoja. Alikata mtandao, akaizima mashine, akaiwasha kwa ile njia ya kuamsha vitu vichache tu, wengine wakiwa wamelala, akamchimba yule mwekundu mpaka mizizi. Wale mia nne na kumi na saba hawakuwapo, alikuwa amewachora. Lakini kazi yake halisi ilionekana: kila herufi iliyopigwa tangu Jumanne alikuwa ameinakili na kuipeleka kwa watu wake, pamoja na barua zangu nne kwa wakubwa. Niliumia kidogo. Katika miaka yote hiyo, huyo ndiye msomaji wangu wa kwanza.

Ilikuwa saa tatu na nusu. Akabaki wa Kasimu, na Kasimu alikuwa amekasirika. Kufika barazani na mgeni mwenye karatasi za daktari wa meno, mbele ya Onema, si jambo dogo. Akajisogeza mbele ya kompyuta, akakunja mkono wa kanzu.

"Mugeni wangu hawamutaki. Namutoa, tunaenda naye."

Akaandika neno la siri kwa kidole kimoja. Swali likatokea: una hakika unataka kumwondoa pamoja na vyote alivyonavyo? Kidole kikashuka.

Nikamshika mkono. Mimi nilikuwapo usiku ule kundi moja lilipoondoka mjini ghafla na funguo za lokapu mfukoni. Jirani yetu alibaki ndani siku tatu, tukamlisha uji kwa kikonyo cha jani la mpapai kilichopita tundu la mlango. Anayeondoka lazima afungue kwanza.

"Shemeji, wafungwa mbele."

"Hakufunga muntu bure," Kasimu akasema. "Iko na sababu yake. Niachie mukono."

Akavuta. Ana nguvu, mzee yule, mimi nina uzito tu. Hapo Mounira akapiga magoti karibu naye, kama anavyomsalimia siku ya Idi.

"Babu Kasimu, ukurasa wa kumi na nane, ni weye."

Kasimu akageuka.

Mounira akamwambia kwamba wakati treni zilipokatika kwa sababu ya vita, wa kwanza kusukuma mawese kutoka Kibombo katika mtaa wetu alikuwa yeye, na mahojiano yale ndiyo ya kwanza aliyoandika. Siku kumi na mbili njiani. Tairi iliyopasuka akaijaza majani. Daraja la mti mmoja, baiskeli begani, madumu kichwani, akarudi mara sita. Yote alimsimulia mwaka jana, na yote yako ndani ya lokapu hiyo, yeye na wenzake hamsini na tisa.

"Ukimutoa bila kufungua, unajizika."

Mzee alikitazama kioo, akauliza kama aliandika pia kwamba hakumwaga hata kikombe kimoja. Mounira akasema ameandika. Kasimu akanipokonya mkono wake, akafungua karantini. Ilitoka memwari, kurasa zote tisini na mbili. Zikatoka karata zangu. Ikatoka nusu ya mlinzi wa Onema, ikaenda kuungana na nusu nyingine. Mounira aliweka memwari kwenye flash tatu za kuazima, akampa Kasimu moja na Onema moja wazivae shingoni, akakimbia na ya tatu mahali pa kuchapia karibu na soko. Ndipo Kasimu akamtoa mgeni wake, akasema maneno mazuri ya kuagana, kwamba alifanya kazi kadiri ya elimu yake.

Saa sita kasoro dakika kumi na tano sekretari wa chuo aligonga muhuri. Mounira alitetea kitabu chake mwezi uliofuata, Kasimu akiwa mstari wa mbele na kanzu mpya, anawageukia watu kila ukurasa wa kumi na nane unapotajwa.

Siku hizi mlinzi ni mmoja, yule wa Onema. Na kwa kuwa mwenyeji ndiye anayemjibia mgeni wake, kila asubuhi mlinzi akiomba chakula, tunamwita Onema. Anavuka njia, anafuta miguu, anakaa, anasoma kwa sauti, anabonyeza kubali. Kasimu naye anakuja kuhakikisha. Mounira ametueleza mara nyingi kwamba kitu hicho kinaweza kujilisha chenyewe. Ana diploma, ana haki ya kusema.

Wiki jana Onema alisafiri kwenda Punia kwenye ubatizo wa kitukuu chake. Aliacha karatasi mezani, imeandikwa kwa kalamu nyekundu, na sahihi, na dole gumba, kwamba kwa siku tisa Bibi Mwanvua, Mwislamu, mkazi wa Mikelenge, anaruhusiwa kubonyeza kwa niaba yake. Mwanvua aliinua karatasi ile mbele ya kioo, akaishika wima kama mbele ya askari wa barieri, halafu akabonyeza.

Kompyuta ilikubali.