Nyasi za Sebuleni

Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023, saa nne asubuhi, mke wangu Kemilembe alianguka na debe la kahawa kichwani, hapa hapa Igurwa. Kifua kilimbana. Gari la wagonjwa lilikuwa limewabeba wakubwa kwenda kukata utepe wa jengo ambalo mpaka leo halina mganga. Nilimpakia kwenye bodaboda, katikati yangu na dereva. Hakufika.

Kilichobaki ni sauti yake. Nikuze, mwenzake wa kwaya, aliwarekodi kwa simu wakifanya mazoezi, akaniwekea kwenye flashi. Siku za matanga niliipiga kwenye redio yangu ya spika mbili kubwa, sebule imejaa watu. Kemilembe alikuwa kama ameketi nasi.

Matanga yalipoanuliwa tulizoa nyasi zilizotandikwa sakafuni, tukazitupa migombani, watu wakaenda makwao. Kesho yake nikawasha redio. Ngurumo tupu. Besi inavuma kama lori linapanda mlima, na mke wangu anaimbia ndani ya pipa.

Nikasema spika zimekufa. Nilikaa hivyo mwaka mzima na zaidi, mpaka nikamwita fundi Cassian kutoka Rubwera. Aliniamkia, akazitazama spika zangu juu ya kabati, zimesukumwa kwenye kona, zimefunikwa vitambaa alivyofuma marehemu.

"Mzee Kahigi, spika hazina ugonjwa," akasema. "Mgonjwa ni chumba."

Akakipima kwa hatua: tano kwa tano, saruji chini, bati juu. Chumba cha mraba, alisema, sauti hugonga ukuta huu ikarudi kugonga ule, besi ikajazana konani, na sauti ya mtu ikamezwa humo. Ramani ya nyumba hii walituletea wao, wakubwa wa kampeni ya nyumba bora. Ndio waliotuambia nyasi ni uchafu, tumwage saruji. Kemilembe alikataa. Mimi nikawatii wao.

Cassian alizishusha spika mpaka usawa wa masikio, akazivuta hatua moja kutoka ukutani, akazigeuza zinitazame. Kiti changu akakitoa katikati ya chumba. Vitambaa nilivipokea mwenyewe, visiguse chini. Ngurumo ikapungua, lakini mwangwi ulibaki. Akaniuliza siku za matanga humu ndani palikuwa na nini.

Watu, nikamwambia. Na nyasi.

Nilikwenda kuzikata mwenyewe, kazi ambayo maisha yote aliifanya yeye. Nikazitandika ukuta kwa ukuta. Cassian akawasha.

Kemilembe akaingia. Hata kabla ya wimbo kuanza nilisikia maneno ambayo sikuwahi kuyasikia, ananong'ona: "Zahanati nimekwenda mara tatu, wananirudisha na vidonge vya maumivu."

Na sauti ya Nikuze: "Mzee wako umemwambia?"

Ngoma ikaanza, ikalifunika jibu. Cassian alirudisha nyuma mara nne, kisha akaanza kufunga vyombo vyake bila kunitazama.

Nimemfuata Nikuze mpaka Rugu alikohamia, nimuulize alijibiwa nini. Ananipa kahawa ya kutafuna, anaongelea mvua. Zahanati nimewauliza, hawajanijibu, na hao nimewazoea. Lakini wewe, Kemilembe, hukuniambia, au uliniambia humu humu ndani nami nikawa sisikii?