Dizeli Haiibiki

Meneja Benson alisema mbele ya wafanyakazi wote wa loji kwamba baba yangu ni mwizi.

"Petroli ya mashine ya majani inaisha kabla ya wiki, na majani yenyewe hayajakatwa. Lazaro, wewe unainywa?"

Watu wakacheka. Baba alishika kofia yake kwa mikono miwili. "Bosi, mimi sijaiba."

"Basi wanaiba nyani."

Wakacheka tena. Mimi nilikuwa nyuma ya stoo na sare ya shule, namsubiri baba turudi nyumbani na baiskeli. Kwenye begi langu, chini ya daftari la bailojia, kulikuwa na chupa ya soda. Haikuwa na soda.

Nilianza mwezi wa pili. Kutoka kwetu bondeni mpaka shuleni ni saa moja na nusu kwa mguu, na baba huondoka alfajiri sana, hawezi kunipeleka. Ukichelewa unapigishwa magoti kwenye kokoto mbele ya paredi, shule nzima inakuangalia. Mimi siwezi kuangaliwa. Hata kuitika jina darasani masikio yanawaka moto. Emmanueli wa bodaboda akaniona natembea, akasema, "We Doka, si baba yako anashika mafuta ya loji? Niletee kachupa tu, nakupeleka wiki nzima." Nikaleta kachupa. Wiki iliyofuata nikaleta kengine.

"Sasa sikilizeni," Meneja alisema. "Mashine inafungwa injini ya dizeli. Dizeli haiingii kwenye bodaboda, kwa hiyo haiibiki. Lazaro, fundi utatafuta wewe. Jumamosi wageni wanaingia. Mashine ikikata, unabaki. Isipokata unavua kofia yangu ya kazi, na loji zote za Karatu nitaziambia umeondoka kwa nini."

Ningeweza kutoka nyuma ya stoo pale pale. Sikutoka.

Injini ilipatikana Kansay, kwa mzee mmoja aliyekuwa anaitumia kuvuta maji ya kumwagilia vitunguu. Baba aliifunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli akaisukuma mpaka mjini, gereji kwa fundi Inosenti, kwenye barabara ya kwenda geti la Ngorongoro. Alipofika shati lilikuwa limeloa lote.

"Mzee Lazaro," fundi alisema, "hii ni ya kukata majani au ya kuvuta treni?"

"Meneja anataka dizeli."

"Na wewe unataka nini?"

"Nataka kazi yangu."

Kwenye mashine ya majani, ambayo baba alikuwa ameshaileta gereji, Inosenti akatoa ile injini ndogo ya petroli, akakata kipande cha mlango wa Land Rover iliyokufa, akakitoboa matundu manne na kukichomelea juu ya mashine kiwe kitako cha injini. Shida ilikuwa moja. Injini ya zamani shafti yake, ule mhimili unaozunguka, ilitazama chini, kisu kinafungwa huko huko. Hii ya dizeli shafti inatazama pembeni. Basi akaweka puli huku na puli kule, akapitisha mkanda uliopinda katikati kama nguo inayokamuliwa.

Aliijaribu bila kisu. Ikanguruma, moshi ukajaa gereji.

Baba akainama. "Fundi, inazunguka upande ule ule wa zamani?"

"Kuzunguka ni kuzunguka, mzee! Au unataka icheze na singeli?"

Vijana wa gereji wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Baba hakuuliza tena. Baba akichekwa haulizi mara ya pili, na mimi nimemfuata yeye.

Ijumaa jioni alifunga kisu mwenyewe, uani kwenye stoo. Mimi nilikuwa nimeshika mashine isipinduke. Alivuta spana mpaka mishipa ya shingo ikatoka.

"Baba," nikasema.

"Nini, mama?"

"Hamna."

Akafuta mikono. "Huyo anayeiba, Mungu anamwona. Ila mimi ningependa kumwona kabla ya Mungu."

Jumamosi nilitoka kwenye masomo ya ziada nikapitia loji. Meneja alikuwa kwenye baraza na kikombe chake cha kahawa. Wageni walikuwa wameshuka kwenye magari, simu zao juu. Wahudumu, wapishi, mlinzi Yohana, wote walijipanga kuangalia. Baba alikuwa amevaa kofia, na malapa yake ya matairi.

Akapiga hendeli mara ya kwanza, ya pili. Ya tatu ikawaka, moshi mweusi ukaenda moja kwa moja kwa wageni. Akaanza kusukuma. Injini ilikuwa nzito, magurudumu ya mbele yakazama kwenye majani, nyuma yake ikabaki mistari miwili kama imepita trekta.

Na majani hayakukatika. Yalilala tu.

"Inakata au inawachana nywele?" Marsela wa jikoni akauliza kwa sauti. Kicheko kikapita baraza nzima.

Mimi nikaona. Siku zote majani hurukia mkono wa kulia. Leo yalikuwa yanatemwa nyuma, kwenye miguu ya baba. Kisu kilikuwa kinazunguka kinyume, mgongo mbele, makali nyuma. Na jana nilikuwa nimeshika mashine, niliona baba anakaza nati upande gani. Kisu kikizunguka hivyo, kila kinapogonga majani kinaifungua nati.

Nikafungua mdomo. Watu kama arobaini walikuwa pale. Nikajiambia amalize mstari huu, nitamwendea nimwambie kimya kimya.

"Sukuma, Lazaro!" Meneja akapiga kelele. "Nguvu zote umewauzia bodaboda?"

Baba akainamisha kichwa, akasukuma.

Ilisikika kama sufuria imedondoka kwenye sementi. Kisu kilitokea nyuma. Baba alikaa tu kwenye majani, akauangalia mguu wake wa kushoto kama wa mtu mwingine. Lapa lilikuwa limekatika katikati, na mbele ya pale lilipokatika hapakuwa na vidole vya kuhesabu.

Mzungu mmoja akalia. Meneja akashuka baraza, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Mwageni maji hapo, wageni wanapiga picha." Kisha akaokota kofia ya baba, akaikung'uta kwenye goti, akampa Yohana. "Kuanzia leo bustani ni yako."

"Gari, bosi," baba akasema. "Naomba gari."

"Magari ni ya wageni. Yohana, ita bodaboda."

Aliyekuja ni Emmanueli.

Tulipanda mshikaki, Emmanueli mbele, baba katikati, mimi nyuma. Mguu nilikuwa nimeufunga kwa sweta la shule. Mkono wangu ulizunguka tumbo la baba, na yeye aliushika kwa nguvu. "Usilie, mama," alisema. "Wewe usilie."

Kabla ya kufika mjini pikipiki ikakohoa. Emmanueli akasimamisha, akatikisa tangi, akacheka.

"Ah, Doka! Ile chupa ya soda leo umeisahau? Tangu mzee ahamie dizeli mimi nateseka kweli."

Baba hakugeuka. "Chupa gani?"

"Ya petroli, mzee. Kachupa ka kumpeleka shule. Si ulikuwa unampa wewe?"

Gari la watalii likapita, vumbi likatufunika. Nilisikia vidole vya baba vinaachia mkono wangu, kimoja kimoja.

"Ndiyo," alisema. "Nilikuwa nampa mimi."

Emmanueli akainama, akageuza koki. "Kuna ka-rizevu, akiba kidogo chini ya tangi. Ila kwa watu watatu sidhani kama tunafika."

"Shuka," baba akasema.

"Baba, mguu nani ataushika?"

"Shuka, Dorkasi."

Nikashuka. Wakaondoka, sweta langu likipeperusha mkono mmoja hewani. Nilitembea mpaka hospitali kwa mguu, katikati ya mji, siku ya Jumamosi, damu yake ikiwa kwenye sketi yangu mpaka chini. Kila mtu aliniangalia.