Pindo la Shati la Eino

Kambini kwetu, anayemfyatulia kulungu risasi akamkosa hukatwa pindo la nyuma la shati. Pindo huandikwa jina na mwaka, likapigiliwa msumari ukutani, na mwenyewe hula chakula cha jioni mgongo wazi huku wenzake wakimcheka.

Ukuta huo haujui uongo. Mwaka niliozaliwa una mapindo kumi na tisa. Mwaka juzi, moja. Mwaka jana, hakuna. Si kwamba wazee wamejifunza kulenga. Baba mdogo Reino hata choo hakilengi sawasawa. Ni kwamba ili umkose kulungu, sharti kwanza umwone.

"Mbwa mwitu," Reino alisema usiku wa kuamkia msimu wa uwindaji, kama asemavyo kila Novemba, mdomo umejaa mkate wa nyama. "Wametumaliza."

"Mbwa mwitu hana kibali cha kuua jike mfukoni," nikamwambia. "Nyie mnavyo vinne."

"Kakuuliza nani, Aili? Una pindo ukutani wewe? Umewahi kutundika mnyama pale nje?"

Sikuwa na pindo wala mnyama. Na kambini kwetu, asiye na kimojawapo hana kura.

Kura hupigwa jioni ya siku ya kwanza: kuanzia kesho tutumie vibali vya majike, au tuvichome? Reino na swahiba wake Delmar husema tutumie. Mapacha wa Heikkinen, ambao mmoja akikohoa mwenzake hufuta mdomo, husema tuchome, maana ukiua jike umeua na watoto wake wa mwakani. Wa tano alikuwa baba yangu, Eino, naye alipenda nyama laini ya majike. Alifariki Machi. Sasa ni wawili kwa wawili, na kura zikiwa sare, mambo hubaki yalivyokuwa: vibali hutumika.

Baba aliniachia bunduki na shati la sufu la miraba myekundu na myeusi. Miaka thelathini na moja hakuwahi kukosa. Pindo lilikuwa zima. Shati lilikuwa bado linanuka tumbaku yake. Alfajiri nililivaa, nikavaa juu yake fulana ya wawindaji ya rangi ya chungwa.

Msitu ni wa serikali, yaani wa kila mtu, na kila mtu alikuwa amekuja. Kufikia saa mbili nilikuwa nimehesabu fulana za chungwa kumi na saba na kulungu sifuri. Bwana mmoja alikuwa juu ya mti, mwingine akaja kukaa chini ya mti huohuo.

"Hapa petu tangu enzi za babu!"

"Basi babu yako aje anihamishe!"

Kulungu gani angepita hapo, labda kiziwi?

Nikahamia kwenye kinamasi, ambako wazee hawapendi kulowa. Saa nne akatokea: dume mchanga, pembe kama uma, mbavu za kuhesabika. Hatua arobaini. Akasimama kujikuna shingo kwa kwato ya nyuma, mjinga yule, kana kwamba msimu haujafunguliwa.

Nikimwangusha, nina kura na shati la Baba linabaki zima. Nikimkosa, nina kura na shati linakatwa. Nisipofyatua, Reino atakula majike wanne halafu awalaumu mbwa mwitu.

Nilimtazama kwenye darubini hadi alipoacha kujikuna. Kisha nikahamisha mtutu, nikapiga kisiki.

Reino alifika akihema. "Yuko wapi?"

"Nimemkosa."

Akakagua nyayo kwenye theluji, akakagua kisiki, akapima kwa miguu yake. "Hatua tisa! Aili, mwanangu, hata bibi yako kaburini angekosa kwa mbili!"

"Upepo."

"Upepo upi? Jani halijatikisika!" Akakitazama tena kisiki. Reino si mjinga, ni mlafi tu. "Unajua nitalikata hilo shati."

"Likate."

Jioni alinoa kisu kupita haja. Delmar alikuwa ameanza kuimba wimbo wa matusi, akaukatiza, akavua kofia. Reino alishika pindo, akasita.

"Hili la kaka yangu."

"Sheria ni sheria, Baba mdogo."

Akakata. Sikugeuka, maana ningelia, na wangelisimulia hilo kwa miaka thelathini. Akaandika kwa herufi kubwa: AILI, HATUA TISA. Akapigilia.

"Haya. Wa kuchoma?"

Mapacha wakainua mikono. Nami nikainua wangu.

Reino aliutazama kama nyoka aliyeingia kitandani. "Ulikosa makusudi!"

"Ukutani pameandikwa nimekosa. Hapakuandikwa kwa nini."

Delmar alicheka mpaka akapaliwa. Reino akatupa vibali mezani, akachukua taulo, akaenda kwenye bafu la mvuke kununa. Mimi ndiye niliyechochea jiko la bafu kwa nje, mgongo ukipigwa na baridi.

"Moto hauna nguvu!" alifoka kutoka ndani. "Ongeza!"

"Nimetia vyote vinne, Baba mdogo. Laumu mbwa mwitu."