Breki Isiyoshika Kitu

Mshonaji alitokea uani na beseni la nguo, akaona miguu ya mdogo wake imechomoza chini ya gari. Mguu mmoja ulikuwa unapiga mdundo kufuata redio ya jikoni. Gari lenyewe lilikuwa la bosi aliyemwajiri mdogo huyo kuwa dereva, foo-wili dogo la njia mbaya, fupi, lililokaa kama chura anayetaka kuruka. Tairi moja la nyuma lilikuwa limevuliwa na kulazwa pembeni. Upande ule wote ulisimama juu ya jeki, na jeki peke yake.

"Nani kakwambia ulale humo?"

"Mwenye mali," dereva akajibu kutoka chini. "Bomba la breki linavuja, na bosi habari za gereji hataki kuzisikia. Anasema dereva asiyeweza kukaza nati ni abiria aliyekaa kiti cha mbele. Usiwe na wasiwasi, dada. Handibreki nimeivuta mpaka imelia."

Mshonaji akaweka beseni chini polepole.

Handibreki. Neno hilo alilisikia siku ya kumzika mumewe, fundi wa kampuni iliyokuwa na magari ya aina hiyohiyo. Mafundi walikuwa wameomba stendi za chuma za kushikilia gari lililonyanyuliwa, wakaambiwa wavumilie. Gari likamwangukia aliyevumilia kuliko wote, akarudishwa nyumbani ndani ya shuka. Meneja akaja na miwani yake ya jua, akasimama mbele ya wafiwa, akasema marehemu alizembea, hakuvuta handibreki vizuri. Kisha akaomba maji ya kunywa, na maji akapewa. Mnyonge hata akiuawa, maiti yake ndiyo hutakiwa kuomba radhi.

Baada ya matanga mshonaji akautafuta ukweli wa handibreki ile, gereji hadi gereji, mpaka mafundi wakachoka kumwona. Magari yale handibreki yake haishiki magurudumu. Inashika shafti inayoyazungusha magurudumu ya nyuma. Nyanyua gurudumu moja la nyuma, nalo litazunguka bure hewani, na mwenzake aliyebaki chini atakuwa huru kwenda anakotaka. Mumewe alivuta handibreki. Aliivuta vizuri sana.

Na ua huu ulikuwa unateremka kuelekea jikoni, ambako gari lilikuwa limetazama.

Dereva akavuta spana. Gari likalia kidogo, na jeki, iliyokuwa imesimama wima, ikaegemea mbele.

"Acha spana," mshonaji akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

"Ngoja, nati hii ina kichwa kigumu kama—"

"Mdogo wangu. Acha spana. Usivute, usisukume, usicheke. Gari linatembea."

Mguu uliokuwa unapiga mdundo ukatulia.

"Nitoke?"

"Mkono wako uko wapi?"

"Umepita juu ya ekseli. Nikiutoa nitaliegemea."

"Basi kaa nao hukohuko."

Hakukimbia. Alikwenda kwenye lundo la kuni akachagua zile zilizopasuliwa zikabaki na ncha, nene upande mmoja. Akapiga magoti mbele ya tairi la mbele, akasukuma kabari ya kwanza kwa kiganja. Nyundo ilikuwa karibu, hakuigusa; pigo moja lingemaliza kila kitu. Akazunguka, akasukuma ya pili. Jasho likamwingia machoni, akaliacha.

"Dada."

"Nini?"

"Ukinitoa humu, nitakuoshea vyombo mwezi mzima."

"Utaosha, na masufuria yaliyoungua. Nyamaza."

Tairi lililovuliwa lilikuwa zito. Alilisukuma likiwa limelala, likikwaruza udongo, hadi likaingia chini ya chesisi, kando ya mbavu za mdogo wake.

"Sasa toa mkono. Kama mwizi."

Kiwiko kikatoka. Kikafuata kiganja. Gari likaguna, kabari zikauma ardhi, jeki ikazidi kuinama. Mshonaji akamshika mshipi wa suruali kwa mikono miwili akamvuta, akaanguka kitako, na mdogo wake akateleza nje kumfuata. Jeki ikachomoka. Gari likashuka juu ya tairi kwa kishindo kilichozima mazungumzo ya majirani. Chini ya ekseli ilibaki nafasi ya paka kupita, tena paka mwembamba.

Walikuwa bado wamekaa chini simu ilipoita. Dereva akaibonyeza kwa kidole chenye grisi, sauti ya bosi ikajaa uani.

"Limekamilika?"

"Limeanguka, bosi. Kidogo liniue."

"Limeumia wapi?"

Dereva akamtazama dada yake. Maneno ya handibreki na stendi dada huyo alikwisha kuyasema kwa miaka mingi, na mdogo wake alikuwa akiyasikia kama mtu anavyosikia mvua ya mtaa wa pili.

"Sijaangalia," dereva akasema. "Na silinyanyui tena mpaka ulete stendi mbili za chuma."

"Unajua madereva wangapi wanaitaka nafasi hiyo? Nitamtuma mwingine sasa hivi."

"Mtume. Ufunguo uko ndani ya gari." Akageuka kutazama geti. "Mimi nitakaa hapa getini. Kabla hajalala chini ya gari nitamsimulia yaliyompata shemeji."

Akakata simu. Akainuka, akafungua geti, akasimama akitazama njia. Mshonaji akaingia ndani, akatoka akiburuta benchi la kukaa watu wawili, akalipeleka getini.