Mkebe Namba Tisa

Mtu asiniambie nilikuwa mtoto. Nilikuwa na miaka kumi na saba, najua kusoma silinda ya kupimia maji na najua kuandika jina langu, na asubuhi ile niliandika jina bila kupima maji. Hadithi yenyewe ndiyo hiyo. Lakini wacha niieleze polepole, maana kila nikiieleza haraka najikuta nimejipendelea.

Mwaka wa 2004 nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya kutwa kule Muthangari. Nyumbani ni Kinoo. Mwalimu wetu wa bayolojia alikuwa Madam Kulwant, mama wa Kisingasinga, mwembamba, mwenye miwani mizito, aliyeanza kufundisha pale kabla mama yangu hajaolewa. Hakuwa mtu wa mchezo. Kila Agosti alitupakia kwenye basi la shule akatupeleka siku tatu kwenye msitu ulio juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, mahali ambapo wingu halipiti juu ya miti, linapita katikati yake. Matawi yamefuga ndevu za kijani, na hata pasiponyesha miti inadondosha maji kutwa kucha.

Maji hayo ndiyo aliyokuwa anayafuata. Kwa miaka sita, kila darasa lilitega mikebe kumi ya mafuta ya kupikia ya Kimbo, ile ya nusu kilo, chini ya miti kumi, kila mmoja na wavu juu yake wa kunasa ukungu. Asubuhi ya mwisho tunapima kilichoingia, tunaandika, tunatia sahihi. Na mwaka huo nambari zilikuwa na kazi. Kampuni moja ilikuwa imeomba sehemu ya juu ya msitu ikatwe ipandwe maua, na kamati ingekaa mjini mwezi wa tisa kusikiliza watu. Madam alitaka kuwaonyesha kwamba miti ile inachuma maji hewani, na kwamba ikikatwa, chemchemi za huko chini zitakauka. Hakuwa na silaha nyingine ila mikebe.

"Usichokiona usikiandike," alituambia tukiwa tumesimama kwenye baridi na blanketi mabegani. "Mkebe ukianguka, tumbili akiuchukua, ukishindwa kuufikia, chora mstari. Mstari nao ni jibu. Sitamgombeza mtu kwa sababu ya mstari."

Sasa niambie, angesema vipi zaidi ya hapo?

Mimi na Nashon tulipewa mikebe mitatu, wa saba, wa nane na wa tisa. Nashon tulitoka naye Kinoo, mdomo wake haufungi. Wa saba na wa nane tuliipima vizuri, tukilala kifudifudi kwenye matope kusoma silinda. Wa tisa ulikuwa bondeni, chini ya mti mkubwa wa muiri, na njia yote ni thabai, yale majani yanayowasha hadi unataka kulia. Juu kambini tulisikia vikombe vikigongana. Chai ilikuwa tayari, na mandazi.

"Wewe, andika tu," Nashon akasema.

"Niandike ngapi?"

"Wa nane ulikuwa mililita mia nne na kumi, si ndiyo? Kule chini ni ukungu mtupu. Weka mia sita arobaini."

Nikaandika 640. Nikatia sahihi, *Wamucii*, kwa mwandiko wangu mzuri wa kuringa. Mandazi yalikuwa matamu, na hilo nalo linaniudhi hadi leo.

Kamati ilikaa katika ukumbi wa ghorofa ya tatu katikati ya jiji. Madam alituchukua wanafunzi sita, tukiwa na sweta na tai, eti tujionee kazi yetu inavyotumika. Tulikaa safu ya pili. Mimi nilikuwa najiona mtu mkubwa, wallahi. Yeye alisimama mbele na jedwali la miaka sita, na mezani akaweka mkebe mmoja na wavu wake ili waheshimiwa waelewe. Alieleza taratibu, kwa kile Kiswahili chake kisichokosea hata kituo. Mwenyekiti aliacha kuangalia saa. Mzee mmoja wa kamati alikuwa anaandika haraka haraka. Niliona kabisa kwamba tunashinda.

Ndipo wakili wa kampuni akainuka. Kijana tu, mpole, hata sikumchukia mwanzoni. Akauchukua ule mkebe.

"Mwalimu, huu unaingia maji kiasi gani?"

"Nusu lita na kidogo."

"Na unapimwa mara moja tu, asubuhi?"

"Mara moja."

"Naomba utusomee namba tisa, mwaka huu."

Nilijua kabla hajaangalia. Nashon, aliyekuwa kando yangu, alinibana mkono hadi kucha zikaingia.

"Mia sita arobaini," Madam akasoma, na sauti ikamfia mwishoni.

Wakili akafungua chupa ya maji ya nusu lita iliyokuwa mezani, akaimimina yote ndani ya mkebe. Maji yakafika karibu na ukingo. Akafungua ya pili. Hakuwa na haraka. Maji yakapanda, yakajaa, yakamwagika, yakatiririka mezani hadi kwenye jedwali la miaka sita, na wino ukaanza kutanda. Watu wakacheka. Hata mzee aliyekuwa anaandika akaweka kalamu chini akacheka.

Madam alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio wake, polepole, akaivaa. Akatuangalia sisi wa safu ya pili. Kisha akaivua tena, akaifuta tena. Niliinamisha kichwa nikahesabu vigae vya sakafu, nikisema moyoni, Mungu, mwache aseme kitu, aseme chochote. Nilidhani ni aibu imemziba mdomo.

"Kosa ni langu," akasema hatimaye. "Nilinakili vibaya."

"Na zile nyingine hamsini na tisa? Tutajuaje umenakili vibaya ngapi?"

Mwenyekiti akaagiza nambari zote ziondolewe kwenye ushahidi. Njia nzima ya kurudi shuleni Madam alikaa mbele ameshika mkebe mapajani, na hakuna aliyemwambia pole. Mwaka uliofuata miti ikakatwa.

Mimi nikaendelea na maisha, tena vizuri tu, ona haya. Nikasomea ualimu. Bayolojia! Agosti ya 2009 nikawapeleka wanafunzi wangu wa Kinoo kule juu, na nikashuka peke yangu hadi bondeni, kwa njia isiyo na thabai tena, maana hakuna kivuli cha kuotea. Muiri ulikuwa kisiki. Pembeni yake mabanda ya maua, plastiki nyeupe hadi jicho linapochoka, na jua kali la saa nne. Hapakuwa na ukungu hata wa kupuliza kwa mdomo. Mwanafunzi mmoja akaniuliza tutapima nini. Nikalia mbele yao, mwalimu mzima.

Jumamosi yake nilienda Muthangari nyumbani kwa Madam. Alikuwa amestaafu, amezeeka, barazani amepanda majani ya msituni ndani ya mikebe ya Kimbo. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Thabai, mandazi, Nashon, mia sita arobaini.

Hakushtuka. Aliingia ndani akarudi na karatasi ndani ya plastiki. Mwandiko wa kuringa. Sahihi yangu.

"Nilikuwa nayo mkobani siku ile," akasema.

"Madam! Kwa nini hukuitoa? Ungejiokoa."

"Ingewaonyesha nani alidanganya, basi. Karatasi haiwezi kusema kwamba ni mkebe mmoja tu, na kwamba ile mingine mlilala kwenye matope mkaipima. Hilo lilihitaji mtu aliyekuwepo, asimame mwenyewe."

Nikasema nilikuwa naogopa. Nikasema angeniita jina ningesimama, na hata nilipokuwa nalisema sikuliamini.

"Ningekuita, wangesema nimekufundisha la kusema." Alinitazama kwa macho yale yale ya siku ile ukumbini. "Nilifuta miwani mara mbili, Wamucii. Haikuwa michafu."